Mashine Tuliyoikimbia

Miaka ile ya uhaba tulifulia majani ya mpapai, na msichana mwenye sabuni aliheshimiwa kuliko mwenye mchumba. Mimi na mdogo wangu wa kike tukajitia kwenye ulanguzi, sisi waimbaji wa kwaya. Tulivuka mpaka hadi Kenya, tukarudi kwa mtumbwi wa kasia pamoja na wenzetu, miche ya sabuni tumeifunga kiunoni chini ya vitenge.

Karibu na Suguti, tulikozungukia kukwepa doria, ziwa likachafuka. Tulikuwa tunachota maji mtumbwini kwa sufuria tuliposikia mashine ya boti ikija. Petroli ilikuwa haionekani, kwa hiyo boti iliyounguruma tulijua ni ya doria tu. Hakuna aliyesema tumepona. Tulisema, "Pigeni kasia." Mimi nilipiga kuliko wanaume, tukaikimbia, tukaligeuzia wimbi ubavu. Mtumbwi ukapinduka.

Aliyekuja alikuwa mvuvi. Alituona kutoka ufukweni tukihangaika, akaazima boti ya parokia ya kubebea wagonjwa. Alijifunga kamba akajitosa, akatutoa mmoja mmoja. Mimi alinikamata nywele, akanitupa ndani ya boti kama gunia la mihogo. Kisha akarudi kumtafuta mdogo wangu. Alipiga mbizi mpaka damu ikamtoka puani, na wanaume aliowaokoa ndio waliomshika asirudi tena.

Msibani kwetu Mwisenge walimwita shujaa. Sisi tuliopona tulisema wimbi lilitupindua, na wimbi lilitupindua kweli. Mama alimshika mikono akamwita mwanangu. Niliona haya hata kumpa maji ya kunawa.

Akawa mtu wa nyumbani. Kila Krismasi alimletea Mama samaki, ningu wa kukaushwa. Ruksa ya biashara ilipokuja, sabuni zikajaa madukani, hadi za kunukia, na nilizichukia zote. Kila alipokuja nilijiapiza kwamba leo nitamwomba radhi. Nikampikia chai, nikamuuliza habari za watoto, akaondoka.

Mwaka mmoja tulikaa uani, Mama anakata samaki, mvuvi ameinamisha kichwa.

"Dada," akasema, "mimi silalagi vizuri. Nilikujaga mbio sana siku ile. Wimbi la boti yangu ndilo liliwapindua. Mdogo wako nimemuua mimi. Naomba unisamehe."

Kumbe miaka yote hiyo wale samaki walikuwa fidia. Nilitaka kumwambia, kaka, tulikukimbia, na kasia nilikuwa nalo mimi. Lakini Mama alikuwa ameweka kisu chini, ananitazama. Hakuwahi kuniuliza lolote.

"Mwambie umemsamehe, mwanangu," akasema. "Mwache alale."

Nikamwambia, "Nimekusamehe, kaka."

Akalia pale uani, mtu mzima yule, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanishukuru.