Kitambaa Chekundu cha Gunia la Wote

Hapa mtaa wa Baba Dogo ninapoishi siku hizi, karibu na lango la kiwanda, kuna binti anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, kwa kikombe. Jua la asubuhi likianza kupiga magunia yake, harufu hunifikia kabla sijapinda kona: chumvi, vumbi la gunia, na kitu kama matope ya ziwa yaliyokaukia juani. Watu hupita wakiziba pua. Mimi hupunguza mwendo. Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya shangazi yangu Nabwire, na kila inaponijia huona haya kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa, ingawa kichwa changu chote sasa ni mvi.

Tulikaa mtaa wa Mbotela, Nairobi, katika nyumba za halmashauri ya jiji, chumba kimoja chenye veranda ya saruji iliyopasukapasuka. Baba alikuwa karani wa ghala. Nabwire, dada yake, alikaa Busia, mpakani kabisa, mahali ambapo mtu anaweza kupika ugali Kenya akaenda kuomba chumvi Uganda. Alikuja kwetu akiwa amekaa juu ya mzigo wa lori, leso kichwani, kope zimejaa vumbi. Magunia yake ya omena yalipangwa kwenye veranda yetu yakingoja mkokoteni wa kuyapeleka soko la Gikomba alfajiri. Mama alifunga dirisha lakini haikusaidia kitu. Nguo zetu zilinuka ziwa, daftari zangu zilinuka ziwa, na shuleni niliitwa Samaki. Nilizoea nikawa naitika.

Shangazi hakuniita Samaki wala Wandera, ambalo ndilo jina langu. Aliniita Baba. Sisi Wasamia mtoto akipewa jina la babu, basi shangazi zake wanamwona baba yao amerudi. Mimi nilibeba jina la babake, marehemu tayari, na yeye alilitendea kazi jina hilo.

"Baba," angesema akishuka kwenye lori, "mwanao amekauka koo."

Nami, suruali imetoboka matakoni, ningekimbia bombani kumletea "mwanangu" maji, na majirani wangecheka hadi wakashika mbavu. Mama aliponichapa, shangazi aligeuza uso. Hakuweza kutazama babake akichapwa.

Katika kila safari lilikuwako gunia moja ambalo halikuwa lake wala la mtu yeyote. Wanawake wa soko la mpakani, wa upande huu na wa upande ule, kila mmoja alitoa mkebe wa omena kutoka katika biashara yake, wakamimina humo mpaka likajaa. Waliliita gunia la wote. Mdomo wake ulishonwa kwa katani kama mengine, lakini kwenye sikio moja, ile pembe ya kushikia, walifunga kitambaa chekundu kilichopasuliwa kutoka kwenye kitenge cha Uganda. Hilo halikuuzwa. Lilipelekwa kwa fundi mmoja wa Gikomba, ambaye mkewe alikuwa na kibanda cha samaki. Mke alichukua omena, fundi akatoa mabati, na mabati yakarudi Busia kwa lori lile lile.

Walikuwa wanajenga chumba cha akina mama kujifungulia. Kabla ya hapo mwanamke aliyeshikwa na uchungu sokoni alipakiwa nyuma ya baiskeli na kusukumwa hadi mbali, na wengine walijifungua njiani. Nilimsikia shangazi akimweleza mama jioni moja, huku akichambua mchicha. Kuta zilikuwa zimesimama, lakini zilikuwa za matofali ya udongo, hayakuchomwa. Mvua ikizikuta wazi, zingerudi kuwa matope.

"Gunia hili likibadilishwa, paa limekwisha," alisema. "Mwambie Mungu asiharakishe mawingu."

Nilisikia, lakini kichwani mwangu siku hizo palikuwa na nafasi ya jambo moja tu, nalo lilikuwa mpira.

Mpira wetu tuliushona wenyewe, soksi kuukuu iliyojazwa matambara na kuzungushiwa kamba. Ulikuwa haudumu. Wavulana wa mstari wa nyumba za nyuma walitucheka sana.

"Huu ni mpira ama kitunguu?" walituuliza. "Kila tukiupiga unavua nguo!"

Kasim, jirani yetu ambaye wazazi wake walitoka Pwani, ndiye aliyekuwa golikipa na nahodha na, kwa maoni yake, kocha pia. "Samaki," akaniambia, "tafuta kitambaa kigumu cha kuufunga. La sivyo kesho tutapiga hewa."

Jioni hiyo nilipita kando ya magunia na kitambaa kile chekundu kikanitazama. Kitenge kipya, kigumu, kirefu kama mkanda wa kiuno. Nilijua ni cha gunia la wote. Sitajificha nyuma ya utoto nikasema sikujua. Lakini nilivuta sikio la gunia nikaona mdomo umeshonwa vizuri, hata omena moja haiwezi kutoka, nikajiambia kwamba kitambaa ni urembo tu, kama utepe kwenye nywele za msichana. Nikakifungua.

Alfajiri mvuta mkokoteni alipakia magunia gizagiza. Shangazi alitangulia kwa miguu kwenda kumwita fundi, ili gunia lisikae sana. Ambacho sikukijua ni jinsi mizigo ilivyoshushwa Gikomba. Malori yalikuwa mengi, mikokoteni mingi, na magunia yote yalitupwa mahali pamoja, yote ya rangi moja na harufu moja. Mtu alitambua lake kwa kutazama sikio. Kijani cha fulani, kifundo cha katani cha fulani, chekundu cha gunia la wote. Gunia lenye alama lingeweza kulala pale kutwa na hakuna ambaye angeligusa. Lisilo na alama lilikuwa halina mwenyewe.

Shangazi na fundi walipofika, magunia yake mengine, yenye vifundo vyake vya katani, yalikuwapo. La wote halikuwapo. Mvuta mkokoteni aliapa kwamba ameshusha yote, na alikuwa anasema kweli. Shangazi alizunguka soko lile akiuliza nani ameona chekundu, na hakuna aliyeona chekundu.

Alirudi mchana, akaketi kwenye veranda, miguu ameinyoosha, hata leso hakuivua. Sisi tulikuwa uwanjani mbele ya nyumba, tunacheza mechi yetu. Mtu akapiga vibaya, mpira ukabingirika mpaka ukagusa wayo wake. Kitambaa kilikuwa kimeuzunguka mara mbili, na hata vumbi la asubuhi nzima halikuwa limeufuta wekundu ule.

"Mama, turudishie mpira wetu!" Kasim alipiga kelele.

Shangazi aliuokota. Akaugeuza. Akapitisha kidole gumba juu ya kifundo changu, polepole. Kisha akainua macho akanitazama mimi, si Kasim wala mwingine yeyote.

"Baba," akasema, "mpira wako umefungwa vizuri."

Akauweka chini, akausukuma kwa mguu ukarudi kwangu. Sikumbuki nani alishinda.

Kesho yake alipanda lori bila mabati. Mvua ilianza wiki hiyo hiyo. Mimi niliendelea kusubiri kiboko, na kiboko hakikuja, nikafikiri, kama watoto wanavyofikiri, kwamba jambo limekwisha.

Safari iliyofuata akaja mwanamke mwingine, mrefu, mwenye sauti nzito, anaitwa Ajambo. Yeye alitoka upande wa Uganda. Mama alimpa chai, nami nilikuwa kitandani nyuma ya pazia nikifanya hesabu za shule.

"Wifi yangu hajambo?" mama aliuliza.

"Hajambo. Tumempumzisha kidogo."

"Kumpumzisha vipi?"

Ajambo alipuliza chai yake. "Hatukusema amelila gunia, mama Wandera. Tumesema tu njia imemchosha. Kuta mbili za chumba zimeanguka. Watu wanauliza, na yeye hana la kuonyesha."

Mpira ulikuwa chini ya kitanda, karibu na kisigino changu. Pazia lilikuwa kitambaa tu, ningeweza kulisukuma kwa mkono. Nilingoja Ajambo amalize chai na aondoke. Kisha nikakifungua kile kitambaa, nikakitupa mtaroni nyuma ya vyoo, na maji machafu yakakichukua.

Shangazi hakuja tena Nairobi na mzigo. Alifungua meza ndogo pale pale mpakani, akauza nyanya, na alipokuja kututembelea alikuja kwa basi, mikono mitupu, hanuki chochote. Aliendelea kuniita Baba. Hakuwahi kulitaja jambo lile, si kwangu, si kwa kaka yake.

Nilimaliza sekondari, nikafanya kazi, nikastaafu, na miaka yote hiyo nilipata sababu za kutokwenda Busia. Nilikwenda kumzika. Chumba cha akina mama kipo. Walikijenga upya kwa matofali ya kuchoma, gunia baada ya gunia, kisha wakaongeza bomba la maji, kisha vyoo vya soko, kisha darasa la watoto wadogo. Mwanamke anayeshikwa na uchungu haulizwi amelala upande gani wa mpaka. Nilisimama pale na viatu vyangu vya mjini nikaelewa kile ambacho omena za kunitia aibu shuleni zilikuwa zikifanya. Nikaelewa pia lile ambalo lilinichukua maisha yote. Shangazi alikuwa na cha kuonyesha. Alikishika mkononi, kwenye veranda yetu. Angeweza kwenda na mpira ule mpaka Busia na kuuweka mbele ya wanawake wale, lakini wangemuuliza ni wa nani, naye angelazimika kutaja jina la babake.

Ajambo alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na kaburi, mzee, macho yameingia ukungu. Nilichutama mbele yake nikamwambia yote, kitambaa, mpira, pazia, mtaro. Alinisikiliza hadi mwisho. Nilitumaini atalia, au atanitukana, au ataniambia kwamba nilikuwa mtoto.

"Ungesema," akajibu, "nilipokuwa nakunywa chai."

Kisha akageuza uso, akaendelea kuimba na wenzake.

Binti wa hapa Baba Dogo ameshanizoea. Huniuliza kwa nini nanunua kikombe kimoja kila siku na kila mara nashika masikio ya magunia yake. Mimi humwambia nakagua kama yamefungwa vizuri. Naye hucheka, akanipimia, akaniongeza kidogo, na kuniita baba.