Siku Tuliyokwenda Kuona Tembo

Nilikuwa bibi harusi wa mwaka mmoja, na mdomo wangu haukuwa na mlango. Ndiyo maana wenzangu hawakuniambia kitu. Niliamini tunakwenda mbugani kuona tembo, basi, na shingoni nilikuwa nimening'iniza darubini ya kuazima ambayo sikumruhusu mtu kuigusa.

Tulikuwa wanawake kumi na wawili wa fwaye ya Dilala, mtaani kwetu Kolwezi, nyumba ya kampuni ya madini ambamo wake za wafanyakazi walifundishwa kushona na kupika. Zamani kampuni iliwapeleka wanafwaye matembezi kila mwaka. Lakini wakati huo posho ya unga ilikuwa haiji tena, mishahara ilisahaulika, na tulipopewa lori kwa siku moja tulishangaa. Mimi nilikuwa nimemtangazia kila jirani kwamba nitarudi nikiwa nimemwona tembo.

Wakati huohuo, watu wenye asili ya Kasai, mkoa jirani, walikuwa wakifukuzwa mjini. Mwalimu wetu wa kushona, mwanamke kama sisi, alikuwa mmoja wao. Alizaliwa Kolwezi, baba yake alizeeka mgodini, na Kasai kwenyewe hakuwahi kukanyaga. Shemeji yangu alikuwa miongoni mwa vijana waliopita mitaani wakiimba kwamba watu hao warudi kwao, kisha jioni anakuja kula kwangu. Nilimpakulia na kunyamaza. Mimi, msemaji wa mtaa mzima.

Asubuhi ile mwalimu alipanda lorini na beseni lililofunikwa kitambaa, kama sisi wengine tuliobeba chakula. Lilikuwa zito hata likainuliwa na wanawake wawili. Nikamtania kwamba leo ametupikia mawe. Alicheka kidogo. Sote tulivaa kitenge kimoja, alichokikata na kukishona yeye mwenyewe, na penye kizuizi cha vijana, nje ya mji, wenzangu walianza kuimba nyimbo za kanisa kwa nguvu isiyo ya kawaida. Vijana waliona kundi la akina mama wa sare moja wanaokwenda kutazama wanyama, wakatupungia mkono tupite. Nami nikawapungia, kwa furaha zangu.

Baada ya saa nyingi za vumbi tulifika njia panda. Kulia ni mbugani. Kushoto ni kituo kidogo cha reli, gare kama tunavyosema, ambako mdogo wake mwalimu na watoto wa nyumbani kwao walikuwa wakingoja treni ya Kasai kwa wiki kadhaa. Hapo ndipo nilipoelezwa. Mpango ulikuwa kumpitisha mwalimu kizuizini katikati yetu, kumfikisha kituoni kwanza, halafu twende kwa tembo. Lakini dereva alikuwa amechungulia tangi, na akasema asichotaka kusema.

"Mafuta inaenea njia moja tu. Ku nyama ao ku gare. Muchague."

Mdomo uliponza kichwa, wahenga walisema, nami nikasema kwamba kituoni si mbali sana, mwalimu atapata wa kumsaidia mzigo, sisi tulitoka nyumbani kwa ajili ya wanyama. Mwalimu ndiye aliyekubali. Alisema nimesema kweli, akaanza kushuka taratibu huku akitafuta pa kuweka mguu.

Mkubwa wetu, mama mwenye wajukuu, alimshika mkono.

"Mutu hatumuachake katikati ya njia," alisema. "Tunamushindikiza mpaka kule."

Kwetu ndivyo ilivyo. Jirani akikutembelea, humuagi mlangoni. Unamsindikiza kipande cha njia, na mdogo ndiye anayebeba mzigo. Dereva alikata kona kushoto. Nilinuna kwa ajili ya tembo, nasema ukweli.

Kituoni watu walijaa hadi kwenye reli: magodoro, masufuria, hata milango iliyong'olewa nyumbani. Mdogo kuliko wote nilikuwa mimi, wenzangu wawili wakanitwisha beseni. Kitambaa kiliteleza, na ndani nikaona kichwa cha cherehani, kile kile alichonifundishia kunyoosha pindo, akinishika vidole vyangu kwa subira nilipokuwa nakata uzi ovyo. Aibu ilinishika hapo hapo. Nilitaka kuomba msamaha, na siku hiyo moja maneno yakanikimbia.

Mahali pa mdogo wake palikuwa mkeka mmoja chini ya turubai, kando ya ukuta. Mwalimu alifagia kwa tawi, akatukalisha kwa zamu, akatupa maji katika kikombe kimoja. Alitufanyia yote yanayofanywa mgeni anapoingia nyumbani. Jua lilipoanza kushuka tulisimama kuaga, naye akasimama. Tulimsihi abaki na watoto.

"Bamama, hapa mi njo mwenyi nyumba," alisema. "Nyinyi muko bageni. Nitabashindikiza kidogo."

Akatusindikiza kweli. Lori lilitangulia polepole, sisi tukatembea naye kwa miguu katikati ya magodoro ya watu, mpaka nje ya kituo, pale reli zilipoacha kuwa nyingi ikabaki moja. Njiani alinirekebishia ukosi wa blauzi. Tulipanda. Nilitazamia ageuke arudi, kwa maana mdogo wake alikuwa peke yake na mizigo.

Lakini anayesindikiza hageuki kabla wageni hawajapotea machoni. Tulipokuwa mbali, wenzangu walisema hawamwoni tena. Niliinua darubini. Tembo sijamwona mpaka leo. Nilimwona yeye, na kitenge chetu, amesimama palepale kando ya reli; nikaishikilia ile darubini mpaka mikono ikaniuma, na kila nilipotazama alikuwa bado hajageuka.