Kidole cha Kailemia

Kailemia, kiongozi wa wapanda mlima, alikuwa na desturi moja langoni mwa hifadhi. Kabla ya kumpima mgeni yeyote oksijeni, alibana kidude cha kupimia kwenye kidole chake mwenyewe, akasema, "Mnaona? Hakiumi." Wageni walicheka, hofu ikawatoka.

Asubuhi ile, pale langoni, alijipima akiwa ametugeuzia mgongo. Mimi nilikuwa msaidizi wake kwa miaka tisa, na sikuwahi kumwona akificha namba.

Alianza kupanda Mlima Kenya akiwa mpagazi, akibeba mafuta ya taa kutoka kwao Kiirua, hata kabla ya kuwa na viatu vya maana. Sasa alikuwa na miaka hamsini na minane. Tangu Januari alikuwa akikohoa. Mkewe alinishika mkono siku hiyo alfajiri, akaniambia, "Karwirwa, hataki hospitali. Anasema wakimpima watamnyang'anya mlima. Mwangalie."

Wageni walikuwa wawili, ndugu wa Majengo mjini Meru: Abdiwahab, muuza vitambaa, na dada yake Idil. Safari ya siku ya kwanza ni kilomita tisa za barabara iliyoharibiwa na mvua hata magari hayapiti, kupitia msituni hadi kambi ya kwanza.

"Mzee, hata nyanyangu angetupita," Abdiwahab alisema baada ya nusu saa.

"Nyanyako angefika kileleni," Kailemia akamjibu. "Asiyeweza kutembea huku akiongea, huyo anakimbia."

Ndiyo sheria aliyonifundisha, na siku zote mwendo wake ulikuwa wa taratibu kwa ajili ya wageni. Nani angejua kwamba leo ni wageni waliokuwa wakitembea taratibu kwa ajili yake?

Halafu akaacha kuongea. Alisimama, akaelekeza fimbo kwenye kinyesi cha tembo, nami nikaeleza. Akasimama tena, akaelekeza kuvu juu ya mti. Nikaeleza. Kinyesi cha tembo tulikieleza mara tatu.

"Kwani huyu tembo alikuwa anaumwa tumbo?" Idil aliuliza, nikacheka kwa sauti kubwa kuliko mzaha wenyewe, kwa sababu nyuma yangu nilisikia kifua cha Kailemia kikichemka.

Nilirudi nyuma, nikamwambia kwa sauti ya chini tugeuke.

"Nani ageuke? Tembea."

Nikatembea. Bado najiuliza kwa nini nilimtii.

Tulifika kambini saa tisa alasiri, ukungu ukiwa tayari umefunika vichaka. Chai ilipotoka, akatoa kipimo na kumnyooshea Idil.

"Wewe kwanza, Mzee," alisema Abdiwahab. "Kule chini ulianza wewe. Ama kidole kimeisha?"

Kailemia alikitia kidole kwapani kwanza, kukipasha joto. Kisha akabana. Sabini na tatu.

"Hiyo ni nzuri?" Idil akauliza.

"Ni baridi ya vidole," alisema.

Nilikichukua kile kidude, nikakibana kwenye kidole changu, ambacho kilikuwa cha baridi kama chake. Tisini na moja. Nikakiweka mezani, namba ikitazama juu. Mpishi wetu aliacha kukoroga sufuria.

Anayepima chini ya themanini katika kambi ya kwanza halali pale. Anateremka kukiwa bado na mwanga. Sheria hiyo pia ilikuwa yake. Aliwahi kumrudisha mwanamume aliyelia kama mtoto, na hakubadili neno.

"Mzee," nikasema, "mwenye namba hii angekuwa mgeni, ungeniambia nini?"

Nilitamani anitukane.

"Ningekuambia umbebee mfuko."

Niliinama kuuchukua. Aliushika kamba, tukavutana kidogo, kisha akaachia. Niliukabidhi kwa Gedion, mpagazi wetu mwenye nguvu kuliko wote, ili ateremke naye, na nikapiga simu gari limsubiri langoni. Abdiwahab alivua skafu yake, akamfunga Kailemia shingoni bila mzaha wowote.

"Kesho muondoke saa kumi na mbili," Kailemia aliniambia. "Na usiwakimbize."

Tulisimama tukiwatazama wakiteremka. Alianza kwa hatua za haraka, kama mtu aliyekasirika. Kabla ya kona akasimama, akainua fimbo kuelekeza kitu kando ya barabara. Gedion, ambaye amepita njia ile mara mia, akaweka mfuko chini na kuinama kukitazama.