Nilicheka Kabla ya Kuona Mitungi

Nani alichukua ile video ya punda hapo mtoni Kwa Vonza? Jitokeze!

Mama mzee anaburutwa na punda, uso hauonekani, mitungi ya maji inamwangukia, na wewe umeshika simu unacheka. Kumwinua ilikushinda. Lakini nguvu ya kuwekea video muziki ukapata!

Na mimi, mjinga mwingine, nikacheka. Nikaituma kwa magrupu tatu, hata ya vijana wa kanisa.

Ndio nikaona mitungi ina alama nyekundu.

Hiyo rangi nilipaka mimi, Disemba, isichanganyike na ya majirani.

Ni mamangu.

Nikampigia mbio.

"Nilikupigia unitumie mtu wa boda, mguu umekataa," akasema. "Ukakata."

Kweli nilikata. Simu yake iliingia nikituma video.