Tatu kwa Sita

Nilipoingia kwa fundi seremala wa Nzuguni alikuwa anakata kona ya ubao wa mninga. Harufu ya mti unaoungua ikanisimamisha mlangoni.

Baba alinunua msumeno wake mdogo wa umeme ukiwa mtumba, miaka ile bidhaa za nje zilipoanza kujaa sokoni. Ubavuni ulikuwa na kigurudumu cha kasi chenye namba. Siku moja, nikiwa mdogo, alinikalisha juu ya ubao ili usitikisike, mahali alipokuwa akikaa mama, akaniambia, "Kwenye kona weka moja. Ukikimbiza, mti unaungua. Usiusukume msumeno, uache ule wenyewe."

Siku hiyo alikuwa anapunguza upana wa kitanda chao yeye na mama. Mama alikuwa amekwenda Makutupora kuchuma zabibu. Msimu ukaisha, wenzake wakarudi, yeye hakurudi. Kwenye ubao wa kichwani kulikuwa na maua ambayo mama aliyachagua mwenyewe. Baba akaanza kulizunguka ua la pembeni, taratibu, vumbi jekundu likinidondokea miguuni.

"Baba, mama akirudi atalala wapi?"

Msumeno ukanyamaza. Nikasikia kuku wa jirani wakiparura. Kisha baba akazungusha kigurudumu mpaka tano, akawasha, akaendelea na kona ileile. Mti ukatoa moshi. Hakuniangalia, wala hakupunguza.

"Karibu, dada," fundi alisema, akipangusa vumbi usoni. "Nikutengenezee kitanda cha ukubwa gani? Futi tano kwa sita?"

Nilimwambia tatu kwa sita inatosha.