Maneno Mawili kati ya Matano

Wakati wa mapumziko ya mechi ya raundi ya pili, kaka yangu Darrell aliniuliza, "Baba keshafika?"

Baba tulimzika miaka minne iliyopita. Darrell mwenyewe alibeba jeneza.

Nikamkodolea macho. Tope limemjaa mpaka kwenye nyusi, mvuke unamtoka kichwani kwa baridi ya Cumbria. Akanitazama kidogo, kisha akacheka.

"Nakutania, mdogo wangu. Hebu lete maji."

Nikampa maji. Nilitaka sana iwe utani, basi nikaamini.

Naitwa Janine. Mimi ndiye mtu wa huduma ya kwanza wa timu ya raga ya Hagthorpe, huku Yorkshire, Uingereza. Kijiji chetu kilikuwa cha mgodi wa makaa. Mgodi ulifungwa, raga ikabaki. Wachezaji wetu ni mafundi bomba, madereva wa malori na mwalimu mmoja.

Kila Januari tunaingia Kombe. Ni mtoano, ukifungwa mara moja safari imeishia hapo. Lakini ukivuka raundi mbili, ya tatu wanaingia wakubwa, wale wa kwenye televisheni, na droo inaweza kukuletea mmoja mpaka uwanjani kwako. Baba alicheza miaka kumi na minne akiisubiri siku hiyo. Hakuiona.

Sasa sikieni ujanja wetu.

Mwezi wa kumi na moja, kabla ya msimu, kila mchezaji napima kichwa chake akiwa mzima. Namsomea maneno matano, tunapiga soga dakika tano, kisha anayarudia. Naandika alama. Akigongwa uwanjani nampima tena. Alama zikishuka, anatoka, na hagusi mpira kwa wiki kadhaa.

Vijana walichofanya ni kufeli makusudi mwezi huo wa kumi na moja. Ukiandikiwa mawili ukiwa mzima, hata ukigongwa ukapata mawili, karatasi inasema huna tatizo.

Kila mtu alijua. Nami nilijua. Kilikuwa kichekesho cha baa.

Mwaka huo Darrell alipata mawili.

"Jamani, nimekuwa mjinga rasmi!" akawatangazia wenzake. Chumba kizima kikaangua kicheko. Nikaandika mbili, huku nacheka nao.

Raundi ya kwanza aligongwa na goti la mtu. Nikampima. Mawili. Akarudi uwanjani.

Kule Cumbria, baada ya ile habari ya Baba, nikampima. Mawili. Akarudi, akaangusha watu kama magunia, tukashinda kwa alama mbili tu.

Droo ikatoka. Tukapewa mkubwa, tena nyumbani!

Kijiji kikapagawa. Muuza nyama akapaka dirisha lake rangi zetu. Mama akaifua skafu ya Baba, akaitundika juu ya jiko ikauke.

Lakini mimi nilikuwa naona mambo. Darrell alimimina maji ya moto kwenye kikombe bila majani ya chai, akanywa mpaka mwisho. Akaanza kuvaa miwani ya jua sebuleni. Siku moja akampigia simu bosi wake wa zamani, ambaye yeye aliacha kumfanyia kazi miaka sita nyuma, akimwambia amechelewa kidogo, anakuja.

Nikamfuata Clive, kocha wetu.

"Karatasi inasemaje?" akauliza.

"Mawili."

"Na mwezi wa kumi na moja?"

"Mawili."

"Sasa unatafuta nini, binti? Unataka kukivunja moyo kijiji kizima?"

Nikakausha. Niliogopa kijiji kuliko nilivyomwogopea kaka yangu, na hilo nalisema kwa aibu.

Asubuhi ya mechi, Mama alishatangulia klabuni kuoka pai za nyama. Tukabaki mimi na Darrell jikoni.

"Kaka, hapa hakuna kocha wala karatasi. Leo usifanye usanii. Jaribu kweli, kwa ajili yangu."

"Wee nawe! Haya, soma."

Nikamsomea. Kiti, mkate, ngazi, mvua, kengele. Tukaongea habari za pai, na kwamba Mama huzidisha pilipili manga. Dakika tano zikapita.

"Haya, yataje."

Akaishika meza kwa mikono miwili.

"Mvua," akasema. "Kengele."

"Mengine?"

Akatikisa kichwa.

"Darrell, acha mzaha. Nimekuambia ujaribu kweli."

"Najaribu, Janine."

Machozi yalikuwa yanamtoka. Sikuwahi kumwona akilia, hata kaburini.

"Hata ule mwezi wa kumi na moja sikudanganya," akasema. "Wenzangu walikuwa wanafeli kwa makusudi. Mimi nilijitahidi, yakanigomea. Nikaona watu wanacheka, nikacheka."

Kumbe ile mbili niliyoiandika huku nacheka ndiyo ilikuwa kilio chake.

Nikaenda klabuni. Mbele ya Clive na mwamuzi nikasema, "Darrell, namba nane wetu, hachezi. Kichwa chake ni kibovu, na karatasi zangu zote ni za uongo."

Clive alinitukana matusi ambayo siyaandiki hapa. Tulifungwa hamsini na nane kwa nne. Mpaka leo kuna watu Hagthorpe wakiniona wanavuka barabara. Daktari aliyempima Darrell baadaye alisema uharibifu ule ni wa miaka mingi, na pigo jingine moja lingeweza kummaliza. Wala hilo halikuwafanya wanisalimie.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni dakika ya sitini. Darrell amekaa benchi pembeni yangu, skafu ya Baba shingoni, watu wetu wanaimba ingawa tunachapwa. Akaniinamia sikioni.

"Baba keshafika?"

Nikasubiri acheke.

Hakucheka. Alikuwa anatazama getini.

"Bado," nikamwambia, nikamshika mkono.

Ninyi mnaosoma, nawaomba jambo moja. Mkijikuta mahali ambapo wote mnacheka uongo mmoja, mtazameni vizuri anayecheka kwa sauti kubwa. Pengine yeye hadanganyi. Mimi ndiye niliyeshika kalamu siku ile, na sikumtazama.