Chokaa Usoni, Wakwe Mlangoni

Aibu hii nimekaa nayo miezi minne bila kuisimulia, na leo naisimulia kwa sababu huku Dabani wameshaisimulia wao, tena kwa kuongeza chumvi (wengine wanasema nilijipaka simenti, jambo ambalo si kweli, maana simenti ningeogopa).

Mke wangu Achieng' alipofariki nilinyoa kichwa na ndevu kama ilivyo desturi, lakini wembe ulikuwa butu, ukaniachia mashavu yenye mabaka yanayobanduka. Nikawa nayakwangua kila siku wala sikujali, nani alikuwa ananitazama? Ila habari ikaja kutoka Molo, kwa wakwe zangu, kwamba Jumamosi mama mkwe anakuja kuangalia kama mwanamume peke yangu naweza kumlea Nabwire, binti yetu wa miaka minane, la sivyo anaondoka naye. Nikaona uso huu utanisaliti: asiyeweza kutunza shavu lake atatunza mtoto?

Alhamisi nikaenda zahanati. Sista wa pale anapenda kueleza.

"Ngozi inazaliwa huku chini, baba," akanionyesha kwa mkono wake. "Huku kalsiamu ni kidogo, seli zinazaana tu. Zikipanda juu zinakuta kalsiamu nyingi, hiyo ndiyo inaziambia acheni kuzaana, komaeni, muwe ngao. Sasa wewe ukikwangua, mpango unavurugika. Acha wembe, kula vizuri, ngoja wiki mbili tatu."

Mimi sikuwa na wiki mbili. Nilikuwa na siku mbili, na nilikuwa na darasa la saba langu, ambako mwalimu alitufundisha kwamba chokaa ya Tororo ni kalsiamu, na nusu mfuko uliobaki tulipopaka kaburi la Achieng' ulikuwa bado ghalani. Nikawaza, kama seli zinangoja kalsiamu ndipo zikomae, kwa nini zingoje? Ijumaa asubuhi nikakoroga, nikapaka mashavu yote na paji la uso (huku nikijisifu kimoyomoyo), nikaenda kupalilia muhogo, na ilipoanza kuwasha nikasema haya, sasa zinakomaa. Ilipoanza kuunguza nikakimbilia mtungi, lakini ngozi ya juu ilikuwa imeshaaga.

Jumamosi nikaamka na uso wa rangi mbili, katikati mweupe wa kuelekea wekundu, pembeni mweusi. Nikapaka mafuta kupunguza maumivu, nikang'aa. Nikavaa kofia, nikaishusha mpaka puani. Wakwe wakafika, tukaketi, na shemeji yangu Okoth akasema tuanze kwa sala, na kwenye sala kofia inavuliwa.

Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawasemeshani, maneno yanapitia kwa mwingine. Siku hiyo mama alinitazama mpaka Amina ikapita.

"Okoth, mwulize uso huo amenunua wapi."

"Shemeji, mama anauliza…"

"Nimesikia."

"Binti yangu hajamaliza mwaka udongoni, yeye anajichubua! Mwulize bibi harusi ni nani."

Okoth akaniinamia sikioni. "Sema ni aleji, shemeji, yaishe."

Ilikuwa njia nzuri. Lakini Nabwire alikuwa amekaa kwenye mkeka pale mbele yangu, na yeye aliniona nikikoroga.

"Mwambie mama ni chokaa," nikasema. "Ile ya kaburi." Kisha nikaeleza yote, sista, seli, kalsiamu, mpaka muhogo, na hakuna aliyenisaidia. Okoth alikuwa ameng'ata midomo asicheke.

Mama mkwe akasahau desturi.

"Baba Nabwire," akaniambia mimi mwenyewe, "ulijipaka kama ukuta?"

"Ndiyo, mama."

"Ili nisimchukue mtoto?"

"Ndiyo, mama."

Akacheka mpaka akashika ubavu, na kicheko kikageuka kilio, tukamlilia Achieng' sote upya. Halafu akafuta macho kwa leso.

"Anayetafuta mke huwa na akili angalau kidogo," akasema. "Huyu hatafuti mtu. Sasa mtoto nitamchukuaje, na huyu baba yake nitamwacha na nani?"

Nabwire alibaki. Mashavu yalichukua mwezi mzima, na sista aliponiona alinieleza (safari hii polepole) kwamba kalsiamu ya ngozi mwili unajipangia wenyewe kutoka ndani, chokaa inaunguza tu. Siku hizi kalsiamu yangu naipitishia mdomoni, kwa maziwa na mukene, dagaa wetu wa ziwani, na nimeapa kwamba kitu chochote kinachokorogwa kwenye ndoo hakitapanda tena juu ya shingo yangu.